Mbuzi mwenye jina: barua ya wazi kwa mameya wa Butembo na Beni

Kwa Bwana Meya wa mji wa Butembo,
Kwa Bwana Meya wa mji wa Beni,
Kwa maofisa wa kilimo na mifugo wa Kivu ya Kaskazini,
Na kwa mashirika yanayogawa mifugo kwa wahanga wa vita.

Waheshimiwa,

Najua foleni iliyoko mlangoni kwenu. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanazika ndugu zao waliochinjwa na waasi wa ADF. Tangu Mei 2021 tunatawaliwa kijeshi. Na tangu Goma ilipoanguka Januari 2025, mkuu wa jimbo naye amehamia Beni pamoja na ofisi zake. Mtu akiwaandikia kuhusu mbuzi katika siku kama hizi, ni haki yenu kumwuliza kama amekosa la kufanya. Mimi naandika hivyo hivyo, kwa sababu mbuzi ninayemzungumzia yuko ndani ya vita hivi hivi, amefungwa kamba nyuma ya jiko.

Ombi langu nalitoa mapema, ili asiye na nafasi asihangaike kusoma hadi mwisho. Katika amri zenu, orodha zenu na mikataba yenu, mpeni nafasi mnyama ambaye mwenyewe hamfugi kwa ajili ya sufuria wala soko.

Wanyama hao wapo. Ingieni kwenye parseli za Bulengera au Mususa, au za Mulekera kule Beni, mtawakuta. Beberu aliyehasiwa ambaye hazai na hakamuliwi, anakula maganda ya ndizi na majani ya viazi, na watoto wanamwita kwa jina. Kondoo anayewasindikiza wanafunzi hadi barabarani kisha anarudi mwenyewe. Bata jike mzee ambaye mayai aliacha kutaga zamani. Kobayi wanaolala chini ya kitanda, ambao mama wa nyumba alikusudia wawe mboga, na sasa hakuna mtoto atakayekula chakula siku mmoja wao akikosekana. Wenye ng'ombe kwenye vilima vya Lubero wananielewa haraka zaidi: kati ya ng'ombe wa maziwa hukosi maksai mmoja aliyezeeka, hana maziwa, hana ndama, hatumiki kulima kwa sababu huku hatulimi kwa ng'ombe, na kila mwaka mwenyewe anasema atamuuza mwaka ujao.

Wapo watakaosema huo ni mchezo wa matajiri, kwamba kufuga mnyama bure ni tabia ya Ulaya iliyotuingilia kwa simu. Sikubali. Vukeni mpaka wa Kasindi, mwende hadi Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Huko, na ng'ambo kwa Waturkana wa Kenya, kijana alipokua alikuwa na maksai wake mmoja aliyempenda kuliko wote: aliyehasiwa, mwenye kengele shingoni, pembe zake zimekunjwa kwa ustadi tangu akiwa ndama. Kijana alimtungia nyimbo, na watu wakamwita kijana mwenyewe kwa jina linalotokana na rangi ya maksai huyo. Mtafiti P. H. Gulliver aliandika juu ya desturi hiyo kwa Wajie miaka ya 1950. Hao hawakuwa matajiri wa Ulaya. Walikuwa wachungaji waliojua njaa kuliko sisi, na bado walimbakiza mmoja ambaye hesabu ya nyama ingemtaka auawe mapema. Karibu zaidi na kwetu, Wanyankole hutaja ng'ombe kwa majina ya rangi na pembe zao, na Rais Museveni hachoki kujionyesha katikati ya ng'ombe wake wa pembe ndefu.

Na sisi Wanande? Mahari yetu huhesabiwa kwa mbuzi, hata pale familia zinapokubaliana kupokea dola badala yake. Mzee akikaa barazani anaweza kukusimulia ukoo mzima kwa kufuata mbuzi: huyu alikuja kwa ajili ya shangazi, yule alikwenda kumwoa mama yako. Watu wanaohesabu undugu wao kwa mbuzi hawawezi kuambiwa leo kwamba mbuzi ni kilo za nyama tu.

Sasa nije kwenye vita. Mwaka 2024 waasi wa M23 walipoichukua Kanyabayonga, watu wa Kanyabayonga, Kayna na Kirumba walikimbilia kaskazini, kuelekea Lubero na Butembo. Wa Eringeti, Oicha na Mbau wameishakimbia ADF mara ambazo wenyewe wameacha kuzihesabu. Mliwaona barabarani: godoro kichwani, sufuria mkononi, mtoto mgongoni, na mbuzi kwenye kamba. Ndivyo walivyotoka watu wa Goma pia, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021. Njiani wapo wanunuzi wanaosubiri. Wanajua kwamba mwenye mbuzi amechoka, ana njaa, na hana pa kumweka anakokwenda, kwa hiyo wanataja bei ya kuku. Wengi huuza, na siwalaumu. Lakini yule anayepita mbele ya wanunuzi wale bila kuuza, akafika Butembo na mbuzi wake akiwa hai, ana sababu isiyo ya soko. Mara nyingi sababu hiyo ina umri wa miaka saba au minane, na ndiyo inayoshika kamba.

Kwetu wakimbizi wengi wa vita hawaendi kambini. Wanapokewa na ndugu, na marafiki, na hata watu wasiojuana nao zaidi ya kusali kanisa moja. Parseli iliyokuwa na watu sita inakuwa na kumi na tano. Mnyama naye anaingia humo, na hapo ndipo matatizo yanapoanza, kwa sababu hakuna daftari lolote linalomwona. Anayekuja kuandikisha familia anauliza wangapi, wanawake wangapi, watoto chini ya miaka mitano wangapi, mnatoka kijiji gani. Swali la mnyama halipo. Likiwepo, ni la mali: mlipoteza ng'ombe wangapi? Aliyebaki haulizwi.

Siyaonei mashirika. Najua kuna mwongozo wa kimataifa wa mifugo wakati wa majanga, ule unaoitwa LEGS, uliotoka mara ya kwanza 2009 na kupata toleo la 3 mwaka 2023. Unazungumzia majani, maji, chanjo, mabanda, hata namna ya kuuza mifugo kabla haijafa. Ni kazi nzuri, na yeyote anayegawa mbuzi Kivu bila kuusoma anafanya kazi gizani. Lakini unamtazama mnyama kama njia ya kuishi. Na upande mwingine, Wamarekani walipoona katika kimbunga Katrina cha 2005 kwamba watu walikataa kuokolewa bila mbwa wao, walitunga sheria mwaka 2006 ya kuwataka wakuu wa majimbo wapange pia uokoaji wa wanyama wa nyumbani. Walipokuja kufafanua mnyama wa nyumbani ni nani, wakataja mbwa, paka, ndege, sungura, hata kobe, na wakawatoa wanyama wa shambani. Mbuzi wa mtoto wa Oicha amekosa kiti mezani pote pawili. Mwongozo mmoja unamtaka awe na faida, sheria nyingine inamtaka awe paka.

Mashirika, niwaambie sasa kuhusu mbuzi wa kuzungusha. Mradi huu tunaujua wote: familia inapewa mbuzi jike, akizaa inarudisha mtoto wa kike ili apewe familia nyingine, na mnyororo unaendelea. Kwenye karatasi hakuna mpango mzuri kuliko huo, kwa kuwa msaada unazaa msaada bila mfadhili kurudi tena na mfuko. Tatizo liko kwenye kipengele kimoja kidogo. Mikataba mingi inamtaka mzaliwa wa kwanza. Na mzaliwa wa kwanza, katika nyumba iliyofiwa, ndiye ambaye watoto walimsubiri azaliwe, wakamfuta kwa shuka, wakampa jina, mara nyingine jina la mtu aliyebaki kule kijijini na hatarudi. Miezi minne baadaye anakuja bwana mwenye pikipiki na fomu. Fomu imetimizwa, ripoti imeandikwa, na mtoto amefundishwa kwamba kila anachokipenda kuna siku kitafuatwa na mtu mwenye karatasi. Kurekebisha jambo hili hakuhitaji hata faranga moja: andikeni kwamba familia inaweza kurudisha mtoto wa kike yeyote kati ya wazao wa kwanza au wa pili, au kununua mwingine wa umri huo huo. Mnyororo hautakatika kwa sababu hiyo.

Mabwana Meya, la kwenu ni mifugo inayozurura. Amri za kukataza mbuzi na nguruwe kutembea ovyo mjini si ngeni, na naziunga mkono. Nimeona mbuzi wakila mboga za mama muuzaji anayelisha watoto kwa biashara hiyo, nimeona pikipiki zikiangushwa na kondoo kwenye kona. Mtu anayefungulia kundi lake asubuhi likajitafutie chakula kwenye soko na makaburi anastahili faini. Lakini amri inapoandikwa kwa ujumla, mwenye kundi na mtoto aliyepotewa na mbuzi mmoja wanaingia kwenye adhabu moja. Mwenye kundi atalipa, au atajua nani wa kumpigia simu. Mtoto atapoteza. Na kuna hofu nyingine ambayo nyinyi wenyewe mnaisikia: watu wanaogopa kwamba mnyama aliyekamatwa asubuhi atakuwa ameliwa kabla ya jua kuzama. Sitaki kumshitaki mtu. Nchi yetu ina methali kwamba mbuzi hula pale alipofungwa, na sote tunajua kwa kawaida inasemwa juu ya nani. Hofu hiyo mnaweza kuiondoa kwa maandishi: aliyekamatwa afungwe mahali panapojulikana, apewe maji, tangazo lisomwe redioni na kwa mashefu wa kartie, na asiuzwe wala asichinjwe kabla ya siku chache kupita. Mwenyewe akija na faini, arudishiwe mnyama akiwa hai.

Nasikia jibu: wafungeni basi majumbani, na hakuna atakayewagusa. Sawa. Lakini mnyama anayefichwa kwa kuogopa kamba ya mji ndiye hatari kuliko wote, kwa sababu hafiki kwa daktari wa mifugo. Sotoka ya mbuzi haimwambukizi binadamu, ila inaweza kumaliza zizi zima kwa siku chache, na chanjo yake dozi moja humlinda mbuzi kwa miaka 3 au zaidi. Dunia imejipangia kuufuta ugonjwa huo ifikapo 2030. Hautafutika kwa kuchanja makundi ya vilimani peke yake wakati mbuzi wa nyuma ya jiko hawana hesabu. Kimeta ni jambo zito zaidi, kwa kuwa kinaua watu. Mnakumbuka Aprili 2025, viboko wapatao 50 waliokufa kwa kimeta ndani ya Virunga, upande wa mto Ishasha, mizoga ikielea kuelekea ziwa Edward. Mbuga ya Virunga na mazizi yetu ni majirani wa ukuta mmoja. Katika mji uliopitia Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287, hakuna haja ya kumfundisha yeyote maana ya ugonjwa unaojificha kwa sababu watu wanaogopa wanaokuja kuutafuta. Tuliona kilichotokea Katwa watu walipoacha kuamini magari yaliyokuja mlangoni. Kwa mifugo ni vivyo hivyo: mwenye mbuzi akiamini kwamba kumwandikisha ni kumpoteza, hatamwandikisha.

Butembo ina bahati ambayo miji mingi ya Kongo haina. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kina kitivo cha udaktari wa mifugo. Wanafunzi wake wanahitaji wanyama wa kujifunzia, na sisi tunahitaji watu wa kuwahasi madume wetu bila wembe wa dukani na majivu. Siku moja ya wazi kila msimu katika kila komini, chanjo na kuhasi kwa bei ya mwanafunzi, ingewatoa wanyama wengi mafichoni kuliko amri kumi.

Kwa kuwa nimewasema wakubwa, niwageukie kidogo na wenzangu tunaofuga hivi, maana mapenzi yetu nayo yana makosa. Mbuzi ni mnyama wa kundi. Ukimfunga peke yake mwaka mzima unamtesa hata kama unamwita kwa jina tamu. Mtafutie mwenzake, au angalau kamba ndefu na mtu wa kukaa naye. Ndama dume aliyelelewa kwa chupa bila kuona ng'ombe wengine hukua akidhani nyinyi ndio ng'ombe wenzake, na siku atakapotaka kupima nguvu atapima na nyinyi. Mhasini mapema, au msimchukue kabisa. Maksai akitunzwa anaweza kuishi miaka 15 na kuzidi, anafika kilo mia kadhaa, na anataka mzigo wa majani kila siku hata mvua ikinyesha. Parseli ya mita ishirini kwa ishirini si mahali pake. Na acheni kumpa mbuzi bugali uliobaki. Tumbo lake limeumbwa kwa majani. Unga mwingi kwa mara moja unachachuka ndani, tumbo linajaa, na asubuhi mnamkuta amekauka. Ninyi mtasema amerogwa. Mifuko ya plastiki ndiyo hadithi nyingine: serikali iliipiga marufuku kwa dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017, lakini bado mchinjaji anaitoa tumboni mwa mbuzi wetu ikiwa imesokotana kama kamba.

Mtu ataniuliza tena, kwa hasira na ana haki ya hasira, kama sioni aibu kutetea mnyama mahali ambapo binadamu hawana mtetezi. Nimjibu kwa kumkumbusha Ndakasi. Huyo alikuwa gorila yatima, aliyelelewa na André Bauma tangu mama yake alipouawa 2007. Alipokufa mikononi mwa Bauma tarehe 26 Septemba 2021, picha yao ilizunguka dunia nzima. Hakuna aliyemwuliza Bauma kama gorila ana maziwa, wala kwa nini anamlilia mnyama katika jimbo lenye vita. Watu walielewa papo hapo. Mtoto anayelala na kondoo wake Bulengera anafanya kitu kile kile, tofauti ni kwamba kondoo hana mfadhili wala mpiga picha. Na mnyama naye si jiwe. Mwaka 2018 watafiti waliwawekea mbuzi wa kituo kimoja cha kulelea wanyama huko Kent, Uingereza, picha za watu, moja ya mtu anayetabasamu na nyingine ya huyo huyo akiwa amekunja uso. Mbuzi walielekea zaidi kwenye picha ya tabasamu. Mtoto wa Oicha hakuhitaji utafiti kulijua hilo, lakini wakubwa tunapenda karatasi, basi karatasi ndiyo hiyo.

Siombi watu waache kula nyama. Mimi mwenyewe nala, na Noeli ya Butembo bila mbuzi siijui. Wala simkatazi mzazi kuuza mnyama ili alipe ada ya shule. Mara nyingi mnyama huyo ndiye benki pekee iliyovuka nao kutoka kijijini. Ninachodai ni kwamba uamuzi huo uwe wa nyumba yenyewe, usifanywe na amri iliyoandikwa haraka, fomu ya mradi, au mnunuzi wa njiani.

Basi, Mabwana Meya, tangazo lenu lijalo la mifugo inayozurura likiandikwa, liongezeeni sentensi mbili: muda wa kukomboa, na mahali pa kumkuta mnyama akiwa hai. Maofisa wa mifugo, mkipanga kampeni ya chanjo, anzeni na parseli zinazopokea wakimbizi, na semeni wazi kwamba anayeleta mnyama hatanyang'anywa. Mashirika, badilisheni kile kipengele cha mzaliwa wa kwanza kabla ya mgao mwingine, na kwenye daftari la familia ongezeni swali moja: mmekuja na mnyama gani, na anaitwa nani?

Nasubiri jibu lenu, na liwe la wazi kama barua hii ilivyo.

Mkazi wa Butembo